Kipimo cha Maumivu Kisiwe Hakimu wa Mgonjwa

Miongoni mwa maneno yanayomchoma mgonjwa wa maumivu sugu kuliko sindano ni haya: “Vipimo vyako vyote viko sawa.” Mtoa huduma huyatamka kwa nia njema, akidhani analeta faraja. Mgonjwa huyasikia kwa namna nyingine. Kwake yeye maana yake ni kwamba picha ya eksirei haikuona kitu, damu haikuonyesha kitu, na kwa hiyo huenda hata maumivu yenyewe hayapo. Hurejea nyumbani na mgongo uleule, akiwa amebebeshwa mzigo mpya wa kutoaminiwa. Na nyumbani nako hukuta watu waliokwisha kuchoka kumuuliza anaendeleaje.

Ndiyo maana utafiti unaotafuta viashiria vya kibayolojia vya maumivu sugu ndani ya ugiligili wa uti wa mgongo, ambao wengi huuita maji ya mgongo, hupokewa kwa matumaini makubwa. Ikiwa maabara inaweza kusoma maumivu katika matone machache ya ugiligili huo, basi mgonjwa atakuwa amepata shahidi, na daktari atakuwa amepata mwongozo. Matumaini hayo yana msingi, na utafiti wenyewe unastahili kuungwa mkono. Hata hivyo, unahitaji kuwekewa sharti moja mapema, kabla kipimo chochote hakijafika sokoni: viashiria hivyo vitumike kuchagua tiba inayomfaa mgonjwa, wala visitumike kuamua kama mgonjwa anasema kweli.

Kwa nini ugiligili wa uti wa mgongo

Ubongo na uti wa mgongo huelea ndani ya ugiligili mwangavu unaotengenezwa ndani ya vyumba vya ubongo. Mtu mzima huwa nao takriban mililita 150 kwa wakati mmoja, na mwili hutengeneza takriban mililita 500 kwa siku. Maana yake ugiligili huo hubadilishwa wote mara tatu au zaidi kila siku. Kwa kuwa unagusana moja kwa moja na tishu za mfumo mkuu wa neva, hubeba mabaki ya kazi inayofanyika humo: kemikali ambazo neva hutumia kupelekeana taarifa, protini za seli za kinga, na vipande vya seli zilizochakaa.

Damu haiwezi kutoa habari hizo kwa ukamilifu huo. Kati ya damu na ubongo upo ukuta wa seli unaochuja kinachopita, na kile kidogo kinachovuka huchanganyika na kemikali zitokazo kwenye ini, misuli, mafuta na viungo vingine. Anayetafuta habari za uti wa mgongo katika damu hufanana na mtu anayetafuta chumvi ya kijito kimoja katika maji ya bahari. Maumivu sugu, hasa yale yanayoendelea baada ya jeraha kupona, yana makao yake makuu katika uti wa mgongo na ubongo. Ni jambo la busara basi kuchunguza ugiligili unaoviosha viungo hivyo.

Njia ya kuufikia si mpya. Mwaka 1891 daktari Mjerumani Heinrich Quincke alieleza namna ya kuuchota kwa sindano kati ya pingili za kiunoni, na tangu hapo njia hiyo imekuwa nguzo ya utambuzi wa homa ya uti wa mgongo. Jambo jipya ni uwezo wa maabara za leo kupima protini nyingi kwa pamoja katika sampuli ndogo.

Yaliyopatikana hadi sasa

Hadithi ya kemikali moja inatosha kuonyesha utajiri wa utafiti huu na mitego yake. Mwaka 1931, jijini London, Ulf von Euler na John Gaddum walitenga kutoka katika ubongo na utumbo wa farasi kemikali waliyoipa herufi moja tu, P. Baadaye ilibainika kwamba dutu P hutumiwa na neva zinazopeleka taarifa za maumivu katika uti wa mgongo. Mwaka 1988 watafiti wa Norway waliripoti kwamba wagonjwa wa fibromayalgia, yaani maumivu yaliyoenea mwili mzima pamoja na uchovu na usingizi usioburudisha, walikuwa na dutu P nyingi katika ugiligili wao. Mwaka 1994 watafiti wa Texas nchini Marekani walipata jambo hilohilo: kiwango cha wagonjwa kilikuwa takriban mara tatu ya kile cha watu wenye afya.

Kwa mgonjwa wa fibromayalgia ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameambiwa kwamba ugonjwa wake uko akilini tu, habari hiyo ilikuwa nzito. Lakini mwaka huohuo wa 1988, katika jarida lilelile lililochapisha matokeo ya Norway, watafiti wa Sweden waliripoti kwamba wagonjwa wao wa maumivu sugu, hasa wale ambao maumivu yao yalitokana na neva zilizoharibika, walikuwa na dutu P kidogo kuliko watu wenye afya. Kwa kundi moja kiashiria kilipanda, kwa kundi jingine kilishuka, na makundi yote mawili yalikuwa yakiumwa kwelikweli. Laiti daktari angalikuwa ameshika kanuni kwamba “dutu P nyingi ndiyo maumivu”, angaliwafukuza wagonjwa wa Sweden kama waongo.

Tofauti hizo hazina budi kusomwa kama habari njema. Zinasema kwamba maumivu sugu si ugonjwa mmoja. Mwaka 2015 watafiti wa Stockholm waliwalinganisha wagonjwa wa fibromayalgia na wagonjwa wa baridi yabisi. Wote walikuwa na dalili za mchochota ndani ya mfumo mkuu wa neva, lakini wajumbe wake hawakuwa wale wale: kwa wagonjwa wa fibromayalgia ilipanda protini iitwayo intalukini 8, na kwa wagonjwa wa baridi yabisi ilipanda intalukini 1 beta. Watafiti wa Linköping, nao wa Sweden, waliripoti mwaka 2014 kwamba wagonjwa wa maumivu ya neva walikuwa na upungufu wa endofini ya aina ya beta katika ugiligili wao. Endofini ni kemikali ambazo mwili hutengeneza wenyewe kutuliza maumivu, zikifanya kazi kwa njia inayofanana na ya mofini.

Hapa ndipo thamani halisi ya utafiti huu inapoonekana. Wagonjwa wawili wanaweza kuingia katika chumba kimoja cha daktari, wote wakisema maumivu yao ni nane kati ya kumi, ilhali kwa mmoja seli za kinga ndani ya uti wa mgongo zimeamka na hazijalala, na kwa mwingine breki ya asili ya mwili imelegea. Leo wote wawili hupewa vidonge vilevile, kisha hubadilishiwa kwa kubahatisha, mwezi baada ya mwezi. Kiashiria kitakachowatenganisha wagonjwa hao kitawapunguzia miaka ya kuhangaika. Hiyo ndiyo kazi inayopaswa kupewa viashiria: kumwambia daktari ni mlango upi wa kuugonga.

Kutoka kwenye kiashiria hadi kwenye dawa

Hata kazi hiyo si nyepesi, na wanaoisimulia kama ushindi uliokwisha kupatikana huwapotosha wagonjwa. Baada ya dutu P kutambuliwa, viwanda vya dawa vilitengeneza dawa za kuziba mahali inapotua kwenye neva. Kwa wanyama wa maabara dawa hizo zilionekana kutuliza maumivu. Kwa binadamu zilishindwa. Mojawapo, aprepitanti, iliidhinishwa Marekani mwaka 2003 kwa kazi nyingine kabisa: kuzuia kichefuchefu na kutapika kwa wagonjwa wa saratani wanaopata tiba ya kemikali. Kemikali inaweza kuwepo penye maumivu bila kuwa ndiyo inayoyaendesha, kama vile wazima moto wanavyokutwa penye moto bila kuwa wao ndio waliouwasha.

Protini inayochochea ukuaji wa neva nayo ina somo lake. Mwaka 1999 iliripotiwa kuwa imepanda katika ugiligili wa wagonjwa wa fibromayalgia ambao hawakuwa na ugonjwa mwingine wa maumivu. Dawa ya kuizuia, tanezumabu, ilijaribiwa kwa miaka mingi kwa wagonjwa wenye viungo vilivyosagika. Iliwapunguzia maumivu, lakini baadhi yao viungo vyao viliharibika kwa kasi isiyo ya kawaida. Mwezi Machi 2021 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani liliipinga kwa kura 19 dhidi ya 1, na kabla ya mwaka kwisha watengenezaji wake waliachana nayo.

Kinyume chake, kipandauso kimetoa mfano wa mafanikio. Mwaka 1990 watafiti walipima damu iliyochotwa katika mshipa wa shingo wakati wa shambulio la ugonjwa huo, wakakuta kemikali iitwayo CGRP imepanda. Ilichukua miaka 28 tangu kipimo hicho hadi mwaka 2018, ilipoidhinishwa nchini Marekani erenumabu, dawa ya kwanza ya kuzuia kipandauso iliyotengenezwa kwa kulenga njia ya kemikali hiyo. Leo dawa za jamii hiyo ni kadhaa, ingawa bei yake bado iko mbali na mifuko ya wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki.

Jambo moja katika mfano huo halipaswi kupita bila kuangaliwa. Pamoja na mafanikio yote hayo, mgonjwa wa kipandauso hapimwi CGRP ili aaminiwe. Ugonjwa hutambuliwa kwa maelezo yake: kichwa kinauma upande gani, kwa saa ngapi, mwanga unamsumbua au haumsumbui, anatapika au hatapiki. Kiashiria kilizaa dawa bila kuchukua kiti cha hakimu. Njia hiyo imekwisha kuonekana kuwa inapitika, na ndiyo ambayo utafiti wa ugiligili wa uti wa mgongo unapaswa kuifuata.

Hoja ya wanaotaka ushahidi wa maabara

Wapo wanaotaka zaidi ya hapo, na hoja yao si ya kubezwa. Wanasema kwamba neno la mgonjwa, hata likitolewa kwa uaminifu, halipimwi sawa na wote wanaolisikia. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia walionyesha kwamba takriban nusu ya wanafunzi wa udaktari na madaktari wanafunzi weupe waliowauliza walikubali angalau dhana moja ya uongo kuhusu miili ya watu weusi, kama vile kwamba ngozi yao ni nene zaidi. Na waliokuwa na dhana hizo walielekea kuyakadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo. Karibu na nyumbani, wagonjwa wa selimundu wanaijua hali ya kufika hospitali usiku wakiwa katikati ya shambulio na kutazamwa kana kwamba wamefuata dawa tu. Je, kipimo kisichojua rangi, jinsia wala umaskini wa mtu hakitawatendea haki zaidi?

Jibu liko katika namna kipimo chenyewe kinavyozaliwa. Ili kujua kama kemikali fulani ni kiashiria cha maumivu, mtafiti huwakusanya watu wanaosema wanaumwa na watu wanaosema hawaumwi, kisha hulinganisha ugiligili wao. Hana njia nyingine ya kuyaunda makundi hayo ila kuwauliza wahusika. Neno la mgonjwa ndilo jiwe la mizani lililotumika kuisawazisha mashine. Mizani ikishasawazishwa kwa jiwe hilo haiwezi kugeuka na kudai kwamba jiwe ndilo pungufu. Kipimo na mgonjwa wakipingana, yaelekea zaidi kwamba mgonjwa huyo ni wa aina ambayo kipimo bado hakijajifunza kuitambua.

Hesabu nayo inasema hivyo. Chukua mfano wa kubuni wa kipimo kizuri, kinachowatambua wagonjwa 80 katika kila wagonjwa 100, na kuwatambua sawasawa watu 80 katika kila watu 100 wasio na ugonjwa. Watu 100 wakifika kliniki, 60 wakiwa na ugonjwa na 40 wakiwa hawana, kipimo kitawakuta wagonjwa 48 na kuwakosa 12. Kisha kitawabandika ugonjwa watu 8 wasio nao. Kama kipimo kinamsaidia daktari kuchagua dawa ya kuanza nayo, makosa hayo yanarekebishika: dawa isipofaa, hubadilishwa. Kama kipimo kinaamua nani apewe tiba, likizo ya ugonjwa au fidia ya ajali kazini, basi watu 12 wanaoumwa watakuwa wamehukumiwa kuwa waongo, na hukumu hiyo itakuwa na muhuri wa maabara. Kukata rufaa dhidi ya dhana ya mtu ni kugumu. Dhidi ya karatasi ya maabara ni kugumu zaidi.

Tena, tafiti nyingi zilizotajwa hapo juu zilifanywa Skandinavia na Marekani, kwa makundi ya watu makumi tu. Tofauti iliyoonekana ni ya wastani wa kundi na wastani wa kundi jingine. Kati ya mtu na mtu viwango huingiliana, kiasi kwamba mgonjwa anaweza kuwa na kiwango cha mtu mwenye afya, na mwenye afya akawa na cha mgonjwa. Kipimo kilichopata mipaka yake kwa wanawake wa Stockholm hakiwezi kuletwa kama kilivyo kumhukumu mkulima wa Mbeya au mvuvi wa Lamu. Dai kwamba kipimo hakibagui litathibitika tu baada ya kupimwa miongoni mwa watu wanaohusika.

Wataalamu wa dunia wamekwisha kulikabili swali hili kwa upande wa picha za ubongo. Mwaka 2017 jopo lililoundwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu, IASP, lilihitimisha kwamba picha hizo hazifai kutumiwa kama mtambo wa kugundua uongo kwa watu wanaodai wanaumwa. Mwaka 2020 jumuiya hiyo ilipoiandika upya maana ya maumivu, iliyaeleza kuwa ni hali isiyopendeza ya hisi na hisia inayoambatana na madhara ya tishu, yaliyopo au yanayoweza kutokea, au inayofanana na hali hiyo. Na ikaongeza kwamba maelezo ya mtu kuhusu maumivu yake yaheshimiwe. Hakuna sababu ya ugiligili wa uti wa mgongo kupewa mamlaka ambayo picha ya ubongo imenyimwa. Wahenga walilisema kwa ufupi zaidi: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sindano, hofu na ridhaa

Ikiwa utafiti huu utafanyika Afrika Mashariki, na inafaa ufanyike ili wagonjwa wa huku wasiachwe nje ya majibu, hauna budi kupita kwanza katika hofu ya sindano ya mgongo. Wapo ndugu wanaokataa mgonjwa wao mwenye dalili za homa ya uti wa mgongo achotwe ugiligili, wakiamini atapooza au atakufa. Wapo akina mama wanaoamini kwamba mgongo unaowauma miaka kadhaa baada ya upasuaji wa kujifungua umeharibiwa na ganzi ya mgongoni. Hofu hizi hazitokani na ujinga. Mara nyingi sindano hiyo hupigwa mgonjwa akiwa amekwisha kuzidiwa. Akifa kwa ugonjwa wake, sindano ndiyo inayokumbukwa.

Ukweli wa kimwili ni rahisi kuelezwa, na ni wajibu wa mtoa huduma kuueleza. Kwa mtu mzima, uti wa mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano hupigwa chini ya hapo, mahali penye nyuzi za neva zinazoelea na kusogea. Kiasi kinachochotwa kwa kawaida ni mililita chache, na mwili hukirudisha kwa muda usiozidi saa moja au mbili. Madhara yanayojulikana zaidi ni kuumwa kichwa kunakozidi mtu anapoketi na kupungua anapolala. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba hali hiyo huwapata takriban watu 11 kati ya 100 wanaopigwa sindano ya kawaida yenye ncha ya kukata, lakini huwapata takriban watu 4 kati ya 100 wanaopigwa sindano yenye ncha butu kama ya penseli. Hapo upo uamuzi ulio mikononi mwa hospitali: utafiti unaowaomba watu ugiligili wao pasipo kununua sindano salama zaidi haupaswi kupewa kibali. Wenye maambukizi ya ngozi mahali pa sindano, wenye damu isiyoganda vizuri na wanaoshukiwa kuwa na shinikizo kubwa ndani ya fuvu wasipigwe sindano hiyo kwa ajili ya utafiti.

Kuhusu ganzi ya upasuaji, mahali pa sindano panaweza kuuma kwa siku kadhaa, lakini tafiti hazijaonyesha kwamba ganzi hiyo ndiyo chanzo cha maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Ujauzito wenyewe huulemea mgongo, na mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida naye huumwa. Kumweleza mama hivyo kusiwe njia ya kumnyamazisha. Mgongo wake unauma, na unahitaji kuchunguzwa.

Ganzi hiyohiyo inaleta swali jingine la maadili. Watafiti wanahitaji ugiligili wa watu wasio na maumivu sugu ili walinganishe, na mara nyingi huupata kwa watu wanaopigwa ganzi ya mgongoni kwa ajili ya upasuaji, kwa kuwa sindano imekwisha kuingia. Kitaalamu ni njia nzuri, kwani hakuna anayechomwa zaidi. Lakini mama aliyetia sahihi karatasi ya upasuaji huku uchungu umemshika hajaridhia utafiti. Ridhaa yake inahitaji karatasi nyingine, kwa Kiswahili kinachoeleweka, itolewe siku za kliniki kabla ya uchungu kuanza. Karatasi hiyo ieleze ugiligili utahifadhiwa wapi, kwa muda gani, kama utasafirishwa nje ya nchi, na kama matokeo yanaweza kufika kwa mwajiri au kampuni ya bima. Mtu anayekataa apate huduma ileile, kwa uso uleule.

Ipo pia sababu ya kutarajia kwamba sindano yenyewe huenda isihitajike milele. Kwa ugonjwa wa Alzheimer, vipimo vya ugiligili wa uti wa mgongo vilitangulia, na kile cha kwanza kikaruhusiwa na mamlaka ya Marekani mwaka 2022. Mwaka 2025 kikafuata kipimo cha damu. Ugiligili uliwafundisha watafiti kitu cha kutafuta, kisha damu ikachukua zamu. Maumivu sugu yanaweza kufuata njia hiyo, lakini bado hayajafika. Hadi sasa hakuna kiashiria cha ugiligili kinachotumika katika tiba ya kila siku kuthibitisha au kukanusha maumivu ya mtu, na anayeuza kipimo cha namna hiyo anauza ahadi tupu.

Yanayowezekana leo

Mtoa huduma hana haja ya kungoja maabara ili kuwatenganisha wagonjwa wake. Maswali machache hufanya sehemu kubwa ya kazi ambayo viashiria vinatarajiwa kuifanya. Maumivu yanayounguza, yanayopita kama shoti ya umeme, yanayoambatana na ganzi au hisia ya kuchomwachomwa na sindano, huelekea kutoka kwenye neva yenyewe. Mara nyingi hayasikii parasetamoli, lakini yanaweza kupungua kwa amitriptilini au gabapentini zinazotolewa kwa uangalizi, hasa kwa wazee na wenye ugonjwa wa moyo. Maumivu yanayozidi kiungo kinapotumiwa na kupungua kinapopumzika huelekea kwenye kiungo au misuli. Maumivu yaliyoenea mwili mzima, pamoja na uchovu na usingizi mbovu, huelekea kwenye mfumo wa neva unaokuza taarifa za maumivu ingawa hakuna jeraha. Hayo ya mwisho husaidiwa zaidi na mazoezi yanayoongezwa taratibu, kurekebishwa kwa usingizi na maelezo ya kweli, kuliko dawa kali.

Maneno nayo ni tiba. Badala ya kusema “vipimo viko sawa” na kunyamaza, mtoa huduma aseme vipimo hivyo vilitafuta nini: vimeondoa hofu ya uvimbe, ya kuvunjika au ya maambukizi, havikuundwa kupima maumivu, na maumivu yanaendelea kushughulikiwa. Aandike kwenye faili maelezo ya mgonjwa kama alivyoyatoa, pamoja na kazi ambazo maumivu yamemzuia kuzifanya. Toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, limeyapa maumivu sugu nafasi yake, kwa maana ya maumivu yanayoendelea au kujirudia kwa zaidi ya miezi mitatu. Yanaweza kuandikwa kama ugonjwa, bila kusubiri ugonjwa mwingine wa kuyatolea udhuru.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Afike na kumbukumbu: maumivu yalianza lini, yanazidishwa na nini, ametumia dawa zipi, ni kazi gani hawezi tena kuifanya. Mwenye maumivu ya mgongo akiona miguu inalegea, haja ndogo au kubwa inamtoka bila hiari au inakwama, amepata ganzi sehemu za siri, ana homa, au anapungua uzito bila sababu, aende hospitali upesi. Na akiombwa kushiriki katika utafiti wa ugiligili wa uti wa mgongo, ana haki ya kuuliza maswali yote, kukubali kwa moyo mweupe, au kukataa bila woga.

Kamati za maadili, vyuo vya tiba na wizara zinazohusika na afya na kazi zina nafasi ambayo haitadumu. Ni rahisi kuweka mpaka wakati kipimo bado kiko maabara. Kikishaingia katika mikataba ya bima na mashauri ya fidia, kukiondoa kutakuwa vita. Kanuni inayohitajika inaweza kuandikwa kwa sentensi moja: hakuna mtu atakayenyimwa tiba, haki au fidia ya maumivu kwa sababu tu ya kiwango cha kemikali katika mwili wake. Kanuni hiyo ikitangulia, watafiti watachota ugiligili wakiwa na baraka za wagonjwa, na wagonjwa watatoa wakijua kwamba kinachotafutwa ni dawa.